Kuanza na mizigo ya kupangisha Uganda, toka kutafuta ploti mpaka mpangaji wa kwanza

Kwanza tuelewane kwa neno. Ukiwa Mombasa ukimwambia mtu "niko na mizigo sita" atakuuliza unasafiri lini. Hapa kwetu muzigo ni chumba cha kupanga, kimoja au viwili vilivyofuatana (hicho tunaita dabo), kwenye mstari mmoja chini ya bati moja, na mtu mwenye mizigo sita anaitwa landilodi hata kama mwenyewe bado anapanda taxi (matatu). Mimi niko na sita upande wa Matugga, barabara ya Bombo. Kazi yangu ni viatu vya mitumba pale soko la Owino Kampala, nilikulia Bombo karibu na kambi ya jeshi ndo maana Kiswahili, na niliingia kwa hii biashara mwaka 2014 kwa kuibiwa, nitafika hapo.

Haya ninayoandika ni ya mtu mwenye pesa kidogo. Kama unataka apatimenti za Kololo za kulipwa dola, wewe una loya wako tayari, endelea tu.

Na kitu kingine, kwa wenzetu wa Kenya na Tanzania kodi ni renti na pia ni ile ya serikali, hapa chini nikisema renti ni ya mpangaji, nikisema kodi ni ya URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), tusichanganyane.

Hatua ya 1: piga hesabu ukiwa umekaa, kabla hujaona ploti yoyote

Ukishaona ploti moyo unapenda na hesabu inaanza kudanganya, kwa hiyo fanya sasa hivi. Chukua mfano wa dabo sita. Ploti ya futi 50 kwa 100 tuseme milioni 25. Ujenzi tuseme milioni 60. Makaratasi yote, loya, saveya (mpima ardhi), ushuru wa stempu, tuseme 3. Choo, maji, umeme, geti, 8. Jumla milioni 96. Hizo namba ni za mfano, za kwako utazipata kwa kuuliza fundi watatu na mabroka (madalali) watano, lakini njia ni ile ile.

Sasa upande wa kuingia. Dabo moja 250,000 kwa mwezi, mara sita ni milioni 1.5, kwa mwaka milioni 18. Hapo ndo watu wengi wanasimama wanaanza kucheka peke yao. Usisimame. Hakuna mwaka mizigo yote inajaa miezi 12, mtu anahama, mwingine anapoteza kazi, unapaka rangi, weka kwamba utakosa mwezi mmoja na nusu kwa kila chumba, inabaki milioni 15.75. URA wanachukua kwa mtu binafsi asilimia 12 ya renti yote baada ya kutoa 2,820,000 kwa mwaka, na hawataki kusikia habari ya simiti uliyonunua, hiyo ni kama milioni 1.55. Matengenezo milioni 1. Kunyonya choo, takataka, taa ya ulinzi, laki 6. Unabaki na kama milioni 12.6, yaani asilimia 13 ya pesa uliyoweka.

Asilimia 13 ni nzuri? Niseme ukweli ambao mabroka hawasemi: bondi za serikali za miaka mingi kule Benki Kuu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 14, unaanza na laki moja tu, na bondi haizibi choo usiku wa Idi. Faida ya mizigo ni kwamba ardhi yenyewe inapanda bei chini yako na renti unaweza kuipandisha, ile bondi inakaa pale pale. Lakini kama hujapenda kuamka usiku, nunua bondi, sitakuona mjinga.

Kwa mkopo wa benki mimi siwezi kukushauri. Riba ya shilingi hapa ni kubwa kuliko hiyo 13 mara nyingi, yaani utakuwa unamlipa benki halafu unaongezea kutoka mfukoni. Mkopo mdogo wa sako (chama cha kuweka na kukopa) wa kumalizia, bati au milango, sawa. Wa kununua ardhi, hapana.

Hatua ya 2: eneo

Usitafute pazuri pa kuishi wewe, tafuta pale mtu wa laki mbili na nusu anataka kulala. Huyo mtu ni muuza duka, mwalimu wa praimari, mtu wa boda, msichana wa saluni, askari aliyetoka kambini na familia. Anataka kufika kwenye taxi kwa miguu. Kipimo changu: shuka kwenye stejini, tembea mpaka kwenye ploti ukiwa na saa, zikizidi dakika 15 mpangaji atalipa boda kila siku na hiyo boda inakatwa kutoka kwa renti yako.

Wakiso imezunguka Kampala na sensa ya 2024 imeonyesha ndiyo wilaya yenye watu wengi kuliko zote nchini, kwa hiyo wapangaji wapo Matugga, Nansana, Kira, Bweyogerere, Kajjansi. Lakini nenda pia ukaangalie miji mingine, Arua, Gulu, Mbarara, Hoima, ploti ni nafuu na kama ndio kwenu unajua nani ni mwizi.

Nenda mara mbili, mara moja jumapili jua likiwaka na mara ya pili siku ya mvua kubwa, hii ya pili ndo muhimu. Bondeni ambapo nyasi ni kijani mwezi wa Januari, kuna mifunjo, bei imekuwa nafuu ghafla, hapo ni kinamasi. Katiba imeweka vinamasi chini ya serikali kwa niaba ya wananchi na taito (hati ya kumiliki ardhi) haitakuokoa. Kwenye kinamasi cha Lubigi mwaka 2024 NEMA (mamlaka ya mazingira) walibomoa nyumba za watu, watu wamekaa na watoto na vyombo nje. Na uliza barabara kubwa inapita wapi, na dampo liko wapi, kule Kiteezi Agosti 2024 takataka ziliporomoka zikafunika nyumba na watu ndani yake.

Hatua ya 3: ujue unauziwa ardhi ya aina gani

Hapa usiharakishe. Nchi hii ina aina nne za umiliki: mailo, frihodi (ya kudumu), lizi (ya kukodi kwa miaka) na ya kimila. Lakini kuna kitu cha tano ambacho si umiliki wa ardhi yenyewe na ndicho watu wengi wa kipato chetu wananunua, kibanja.

Mailo ilianza na mkataba wa Buganda wa 1900, Waingereza waligawa ardhi kwa maili za mraba kwa Kabaka na wakubwa, na jina likabaki. Wakulima waliokuwa wamekaa pale walibaki pale, juu ya ardhi ya mtu mwingine. Kwa hiyo mpaka leo ardhi moja ina watu wawili: mwenye taito, na mwenye kibanja anayekaa, analima, amezika babu yake hapo. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda huyu wa kibanja, ikiwa ni pamoja na yule aliyekuwa amekaa bila kupingwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995. Analipa busuulu (ada ya ardhi kwa mwenye taito) kidogo kwa mwaka, na marekebisho ya 2010 yakasema huwezi kumtoa mpaka amri ya mahakama, na sababu ni kutolipa hiyo busuulu.

Maana yake kwako ni mbili. Ukinunua taito ya mailo yenye watu wa kibanja juu, umenunua karatasi na umerithi majirani ambao hutawatoa. Ongea nao kwanza, walipwe wahame kwa maandishi au wakatiwe kipande chao, kabla hujalipa. Na ukinunua kibanja, umenunua haki ya kukaa, sio ardhi, na lazima mwenye mailo akubali. Kuna pesa anapewa ya kukubali, inaitwa kanzu (ndiyo, kanzu kama ya ijumaa, zamani walikuwa wanapeleka kanzu kweli), mara nyingi utasikia asilimia 10 ya bei. Anayekuuzia naye anatakiwa ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Kibanja bila sahihi ya mwenye mailo ni nusu ya kitu.

Ukitoka Buganda ukaenda kaskazini au West Nile ardhi kubwa ni ya kimila. Hapo unanunua kwa ukoo hata kama mtu mmoja ndo anashika pesa. Wazee wakae, majirani wa pande zote wakae, wake na watoto wakubwa wajue, vinginevyo kijana mmoja atarudi kutoka Juba baada ya miaka mitatu aseme yeye hakuulizwa na atakuwa na haki.

Kama wewe si raia wa Uganda, na wasomaji wa Kiswahili wengi hapa ni Wakongo, Wakenya, watu wa Sudan Kusini, sheria inakuruhusu lizi tu, mwisho miaka 99. Huwezi kumiliki mailo wala frihodi, na kampuni ambayo wenye nguvu ndani yake ni wageni inahesabiwa mgeni. Usiweke jina la shemeji yako Mganda kwenye taito. Undugu wa shemeji unaisha siku bei ya ploti imepanda mara tatu.

Hatua ya 4: kukagua, na hadithi yangu

Mwaka 2014 broka mmoja alinipeleka kwenye kibanja, milioni 9, tuko na barua ya LC wani (mwenyekiti wa kijiji) yenye muhuri, tuko na mzee muuzaji mwenye kofia na fimbo, mpole kabisa, taito "iko njiani". Nililipa keshi kwenye sebule ya mtu. Tulikunywa soda. Miezi minane baadaye nimeshaleta matofali, anakuja kijana na karatasi kwamba babake alikuwa mwenye mailo, amekufa, na yule mzee wa fimbo alikuwa mlinzi wa shamba. Mlinzi bana! Barua ya LC ilikuwa ya kweli, mwenyekiti alithibitisha tu kwamba anamjua huyo mzee, na kweli alikuwa anamjua. Nililipa tena milioni 7 kwa ile familia ili wanikubali, na hiyo nafuu niliipata kwa sababu walikuwa na haraka ya ada za shule.

Ningejua kwa kuuliza mtu mmoja tu. Baadaye nikawa na urafiki na jajja wa jirani, bibi wa miaka sabini na kitu, akanionyesha mpaka kwa kidole: mstari wa miti ya oluwaanyi, ile yenye majani marefu ambayo Waganda wanapanda kwenye mipaka, ukiiona imejipanga mstari ujue kuna mtu aliiweka makusudi. Akanieleza nani alipanda, mwaka gani, kwa ugomvi gani. Nikamuuliza mbona hakuniambia ile siku. Akasema "ssebo (bwana), hukuniuliza, ulipita na pikipiki."

Kwa hiyo siku hizi ninaanza na majirani, hata kabla ya ofisi. Naenda bila broka, nanunua ndizi kwa mtu wa karibu, nasalimia, nauliza hii ploti ni ya nani na alikuwa nani kabla yake. Ukipata majina mawili tofauti kwa watu wawili, rudi nyumbani.

Halafu makaratasi. Mwambie muuzaji akupe bloku na namba ya ploti, au kopi ya taito. Usiamini kopi, wala orijino yenyewe kwa macho, kuna vijana wanaoprinti vizuri kuliko serikali. Nenda ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi inayoshika eneo hilo (Wakiso wana yao, Mukono wana yao, Kampala wana yao), jaza fomu, lipa benki, ada ni kama elfu kumi, wakupe barua ya sachi (upekuzi wa rejista). Ile barua itasema jina la mwenye, ukubwa, kama kuna kaveti (zuio la mtu anayedai haki), kama benki imeishika. Nenda mwenyewe. Usimtume broka, wala loya aliyeletwa na muuzaji.

Sachi fanya mara mbili, moja kabla ya kuweka chochote, nyingine asubuhi ya siku ya kulipa. Kati ya hizo mbili watu wameshawahi kwenda benki kukopa na taito hiyo hiyo.

Alafu saveya wako, mwenye usajili, aje afungue mipaka: anatafuta mawe ya mpaka kwa mashine, majirani wakiwepo. Ploti nyingi zinaitwa 50 kwa 100 na ukipima ni 45 kwa 92. Futi 50 kwa 100 ni kama desimo (sehemu ya mia ya eka) 11 na nusu, ukiona taito imeandika desimo 10 omba punguzo palepale.

Mambo mengine ya kuuliza yanaenda haraka lakini usiyaruke. Muuzaji ameoa? Mke akubali kwa maandishi, ardhi ambayo familia inakaa au inakula kutokana nayo haiuzwi bila hiyo ridhaa. Na kama ana wake wawili, kama wazee wetu wengi, mimi ninataka sahihi za wote wawili na ninataka kuwaona kwa macho. Mwenye jina kwenye taito amekufa? Basi watoto wakuonyeshe barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, bila hiyo hata wakiwa kumi na wote wanalia hawawezi kukuuzia.

Hatua ya 5: kulipa

Tafuta loya wako, mwenye leseni ya mwaka huu. Mkataba uandikwe na majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, bei kwa namba na kwa maneno, mipaka, nani anahamisha watu wa kibanja kama wapo. Pesa ipite benki. LC na majirani wawe mashahidi, wakupigie na picha mkiwa kwenye ploti, sio kwenye sebule.

Nusu ya kwanza ukilipa, mwambie loya aweke kaveti kwa jina lako wakati unamalizia, hiyo inazuia mtu kuhamisha huku unatafuta pesa. Ukimaliza muuzaji asaini fomu za uhamisho na akupe taito orijino siku hiyo hiyo, mkono kwa mkono, "nitaleta jumatatu" haipo. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani ambayo mthamini wa serikali ataitaja, sio bei mliyoandika, kwa hiyo weka akiba kidogo. Na usiache taito kwa jina la muuzaji "mpaka nipate pesa". Hamisha. Watu wanakufa, bei inapanda, watoto wanakua.

Hatua ya 6: kujenga

Plani ipitishwe na mji wako kwanza, kamati ya ujenzi, ni sheria toka 2013 na kusimamishwa ukiwa kwenye linta (juu ya milango na madirisha) kunauma kuliko ile ada.

Jenga kwa vipande. Mimi niliweka msingi wa vyumba vyote sita, nikapandisha vyote mpaka bati, ndani nikamalizia viwili tu, milango, plasta, sementi ya chini, nikapangisha. Hivyo viwili vikasaidia kumalizia vingine vinne kwa mwaka na nusu. Bati nunua geji 28, geji 30 itakuletea kelele na kutu na utaezeka tena mapema. Simiti ihesabiwe asubuhi na jioni, mifuko mitupu pia, fundi wangu wa kwanza alikuwa anasema mifuko 12 imeingia kwenye plasta na mitupu ninahesabu tisa.

Sasa vitu ambavyo hakuna mtu wa plani atakuchorea.

Veranda. Mpangaji wa muzigo hana jiko, jiko lake ni sigiri na sigiri inakaa verandani. Veranda ya futi mbili na nusu maana yake mvua ikinyesha sigiri inaingia ndani, moshi wa makaa ndani na mlango umefungwa na watoto wamelala, watu wanakufa hivyo. Weka futi nne na nusu, bati litoke mpaka mwisho wake. Itakula matofali lakini nimeona watu wanaacha muzigo wa laki mbili wanakuja kwangu wa laki mbili na nusu, ukimuuliza mama anakuonyesha veranda.

Geti na mahali pa pikipiki. Nusu ya wanaume wanaokuja kuuliza chumba wanaendesha boda, ile pikipiki ina thamani kuliko kila kitu ndani ya chumba, na kama hailali ndani ya geti hata mkikubaliana renti hatahamia. Nimezungushia ukuta wa matofali upande wa barabara tu, kwingine ni waya na miti, na nikamwaga kokoto nafasi ya pikipiki nne. Sijawahi kukosa mpangaji zaidi ya wiki tatu toka hapo.

Choo. Kama ni cha shimo, kijengewe kwa tofali ndani mpaka chini ili lori la kunyonya liweze kufanya kazi, na lori lenyewe lipate pa kupita, niliwahi kujenga choo kizuri nyuma kabisa na bomba la lori halikufika. Mlango mmoja kwa kila vyumba viwili, kila mlango na kufuli yake, funguo kwa hao tu. Choo cha wote ni choo ambacho hakuna mtu anasafisha.

Umeme. Tangu Aprili 2025 usambazaji uko kwa UEDCL, kampuni ya serikali, ile kampuni iliyoitwa Umeme iliondoka. Yaka (mita ya kulipia kabla) moja kwa vyumba sita ni nafuu kuweka na ni vita vya kila siku: huyu anapiga pasi, yule ana koili ya kuchemsha maji, mwingine ana taa moja tu na analipa sawa na wote. Kama huwezi mita ya kila mmoja, weka mita ndogo ndani, kila chumba yake. Maji ni hivyo hivyo, bomba moja uani na mita, na tanki maana maji yakikatika siku tatu simu zote ni zako.

Hatua ya 7: mpangaji

Usitoe chumba kwa mtu wa kwanza sababu kiko wazi. Omba kopi ya kitambulisho, barua kutoka kwa LC wa alikotoka, namba za ndugu wawili, na uwapigie hao ndugu akiwa amesimama pale. Uliza alikuwa anapanga wapi na umpigie huyo landilodi, sio wa sasa, wa kabla yake. Wa sasa anaweza kumsifu ili amtoke.

Mkataba andika hata kama renti ni ndogo, sheria ya landilodi na mpangaji ya 2022 inataka maandishi ikifika laki tano, lakini wewe andika tu. Renti ni ya shilingi isipokuwa mmekubaliana vingine. Andika tarehe ya kulipa, hali ya chumba siku anaingia, vioo vingapi, kufuli ngapi, piga na picha.

Renti iingie kwa mobile money, MTN au Airtel, sio mkononi, kwa sababu mkononi kuna "nilikupa ile siku, umesahau". Mwenye kuchelewa siku tano mpigie simu siku ya sita, kwa upole, usisubiri mwezi. Akifikisha miezi miwili hawezi tena kulipa hata akitaka, hiyo nimeiona mara tatu.

Na kumtoa: ile ya zamani ya kung'oa mlango au bati ya mtu ili ahame, achana nayo. Sheria inataka amri ya mahakama, ukifanya kwa nguvu wewe ndo unakuwa mkosaji. Mimi mara nyingi nimekaa na mtu tukakubaliana nimsamehe deni la mwezi mmoja, ahame jumamosi na gari nimlipie mimi, ni hasara lakini ni hasara ya siku moja, chumba kinaingia mtu mwingine jumatatu.

Kodi ya URA usiikimbie. Chukua TIN (namba ya mlipakodi), jaza ritani ya kodi ya renti kila mwaka, weka kile kiasi pembeni kila mwezi kwenye namba nyingine ya simu. Mji nao una ushuru wake wa majengo ya kupangisha, nenda ukaulize ofisi yao kabla hawajaja na rangi nyekundu kwenye ukuta.

Mpangaji wangu wa kwanza alikuwa anauza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) pale stejini. Alikuja saa tatu usiku na godoro juu ya boda, nimeshapaka rangi lakini Yaka haikuwa na yuniti hata moja, na duka lilikuwa limefunga. Nikamnunulia kwa simu yuniti za elfu tano, taa ikawaka, akaniambia nikate kwa mwezi wa kwanza. Sikukata. Asubuhi yake alinipikia rolex ya mayai mawili bila kunidai, na alikaa miaka minne, akahama amenunua kibanja chake mwenyewe huko Kasangati. Kabla ya kulipa alinipigia tukaenda wote kuongea na majirani.